Ndoana Isiyoshtuliwa

Nyuma ya soko kuu la Tabora, Najiat alikuwa na duka la zana za uvuvi, na ndani ya duka hilo palikuwa na sanduku la kioo ambalo wateja walilitazama, wakatabasamu, wakaendelea na shughuli zao. Wavuvi wa bwawa la Igombe walitaka nyavu na ndoana ndogo za perege. Wale wa mto Ugalla walitaka ndoana nene za kambale. Zilizomo kwenye sanduku la kioo zilikuwa ndoana za bahari, na Tabora na bahari wapi na wapi?

Hata Najiat mwenyewe hakuzitegemea zimlishe. Alikuwa mzaliwa wa hapohapo mjini, akaolewa Mafia na fundi cherehani ambaye alitapika kila alipopanda chombo. Baba mkwe wake ndiye aliyekuwa mvuvi wa mshipi, na kwa kuwa mwanawe hakutaka habari za samaki isipokuwa aliyekwisha pakwa nazi, mzee yule akamgeukia mkwewe. Alimfundisha kuzitambua ndoana kwa ncha za vidole, macho kayafumba. Ndoa ilipofika mwisho, bila matusi wala kesi, Najiat alirudi kwao na sanduku lile. Mzee alimpa kama wengine wanavyowapa wakwe zao dhahabu.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa tisa akaingia mzee mrefu, mkimya, rozari shingoni, viatu vimejaa vumbi la njiani. Alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Goweko, jina lake Wenceslaus.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe unauza ndoana za maji ya chumvi."

Najiat alidhani anataniwa. Lakini mzee alikwishatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na ndoana ya kambale iliyoliwa na kutu hadi ikawa nyembamba kama mwiba.

"Hii nilinunua mpya," alisema. "Nikaitia majini jana asubuhi. Jioni nimeitoa hivi."

"Maji ya wapi hayo?"

"Ya lambo langu. Nililichimba mwenyewe, la kumwagilia vitalu vya tumbaku. Lipo kandokando ya ile njia ya zamani, waliyopita wapagazi kutoka pwani kwenda Unyanyembe. Miaka yote lilikuwa na maji matamu. Mwaka huu yamegeuka. Miche yote imeungua. Nikasema basi, lambo limekufa. Kisha nikaona kitu kinageuka chini ya maji, kipana kama sinia."

Akatoa na chupa. Najiat akatia tone moja kiganjani, akalamba.

Alitarajia magadi, yenye ule ukakasi wake, au ladha ya chumvi ya Uvinza aliyoizoea tangu utoto. Haikuwa hivyo. Ilikuwa na mwani ndani yake, na mchanga uliopigwa jua, na ile harufu ya ngalawa iliyopinduliwa ufukoni. Alijikuta ameshikilia ukingo wa meza.

"Mzee, haya ni maji ya bahari," alisema.

"Bahari sijawahi kuiona," Wenceslaus alijibu kwa utulivu. "Nataka ndoana tu."

Ikabidi afungue sanduku. Akamuuliza samaki huyo anachukuaje chambo, maana ndoana haichaguliwi kwa uzuri wake, huchaguliwa kwa namna ya mdomo unaoijia. Anadonoa? Anafyonza? Anameza na kukimbia?

"Hadonoi wala hakimbii. Mshipi hautikisiki hata kidogo. Ukivuta, chambo hakipo."

Najiat akampangia mezani. Kwanza zile za shina refu lililonyooka, zenye umbo la fimbo ya mzee iliyogeuzwa, ambazo mvuvi akihisi mguso hushtua mshipi kwa nguvu ili ncha ipenye. Kisha zenye vijino mgongoni, vya kuzuia chambo laini kisiteleze. Kisha fupi na nene, za samaki wenye meno. Zote zilipakwa bati, haziliwi na kutu upesi. Mwisho akaweka ile ambayo baba mkwe wake aliipenda kuliko zote, ya duara, ncha yake imejikunja ikaelekea shinani kama kucha ya kozi.

Wenceslaus aliigeuza geuza, akacheka. "Hii itamnasa nani? Ncha inatazama nyumbani kwake."

"Hii haishtuliwi, mzee. Ukishtua umemkosa. Unamwacha achukue. Anaweka mdomoni, haoni ubaya wowote, anageuka aende zake na chakula chake. Ni pale anapogeuka ndipo ndoana inapoteleza mpaka pembe ya mdomo, ikazunguka, ikashika. Anajinasa mwenyewe kwa kuondoka."

Mzee aliirudisha juu ya kioo taratibu, kama aliyeshika kitu kisicho chake. "Hapana. Mimi nipe za kushtua. Mtu anayekaa tu na kungoja, huyo si mvuvi. Huyo ni kitu kingine."

Akachukua za shina refu na zile zenye vijino, pamoja na mshipi mzito wa nailoni. Ya duara hakuichukua hata moja. Najiat alikuja kulikumbuka sana hilo.

Hazikupita siku nyingi akarudi. Safari hii aliletwa na jirani yake, Masolwa, mtu mnene mwenye Noah ya kubeba abiria, ambaye aliegesha nje na kubaki ndani ya gari akila karanga. Wenceslaus alikuwa amekonda. Hakungoja hata salamu ziishe, akakunjua kitambaa mezani.

"Niambie hizi ni nini."

Zilikuwa ndoana nne za chuma cheusi, zimefuliwa kwa nyundo. Hazikuwa na tundu la kupitishia mshipi, vichwa vyake vilipondwa tu vikawa bapa, na juu ya kila kichwa palisalia kipande cha mshipi wa nailoni wa mzee, kimefungwa kwa ustadi.

"Umezipata wapi?"

"Mwishoni mwa mshipi wangu. Nilitia ndoana yako yenye chambo, nikavuta, ikatoka hii. Yako haipo. Nikatia nyingine, ikatoka hii. Kila mara hivyo."

Najiat aliinama kuangalia fundo. Lilizungushwa shingoni mwa chuma, likapitishwa ndani ya kitanzi chake, likakazwa. Mikono ilikuwa imelifunga lile. Samaki hafungi fundo.

Akazipanga kwa mpangilio ambao mzee alisema zilitoka. Ya kwanza ilikuwa ya shina refu, nakala ya ile aliyomuuzia, ila tu imefuliwa kwa mkono. Ya pili ncha yake ilikuwa imeanza kukunjwa. Ya tatu ilikunjwa zaidi. Ya nne ilikuwa duara kamili, safi, ncha inatazama shina, na nzuri kuliko yoyote iliyokuwa ndani ya sanduku lake la kioo.

Mbele yake aliona kazi ya mtu anayejaribu umbo moja, haliridhii, analiacha, anajaribu jingine. Baba mkwe wake alikuwa akifanya vilevile anapofika kwenye maji asiyoyajua, akibadilisha ndoana mpaka ampate samaki wa pale.

"Mzee," alisema polepole, "kuna kitu umeokota pembeni mwa lambo? Kitu cha kula?"

Wenceslaus alimtazama. "Umejuaje? Si mimi, ni mke wangu Josepha. Kulikuwa na chumvi. Bonge la chumvi safi, limefungwa kwa majani, limewekwa ukingoni. Akadhani wachungaji wamesahau. Kesho yake likawapo jingine. Akawa anapikia. Mboga ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Halafu chumvi ikakoma, ikaja tende."

"Tende ngapi?"

"Moja. Jana."

"Akaila?"

"Tende moja, mwanangu, utaiwekea nani?"

Najiat alizitazama tena zile ndoana nne. Huko Mafia kabla ya kutia ndoana walimwaga chakula bure majini, leo na kesho, wamzoeshe samaki mahali, aje bila hofu, ajue kwamba hapa hupatikana riziki. Ndoana hutiwa mwisho. "Mpigie simu mkeo," alisema.

Simu iliita sana. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mwanamke, lakini maneno yalitoka yamelegea upande mmoja, kama mtu anayezungumza na kidole kimeingizwa pembeni ya mdomo wake.

"Baba Kabula, njoo," Josepha alisema. "Mdomo wangu unavutwa."

Najiat alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilishangaa. Angeweza kumwacha mzee aende peke yake. Lakini aliona kama yeye ndiye aliyeieleza ndoana ile kwa sauti, na chupa ya maji yale ikiwa wazi mezani kama sikio, na wazo hilo halikumpa nafasi ya kupumua.

Masolwa aliendesha kwa kasi. Walifika Goweko jua la utosi, wakati ambao kivuli cha mtu humwingia miguuni. Nyumba ya Wenceslaus ilikuwa ya tofali za kuchoma, na nyuma yake, baada ya bani la kukaushia tumbaku na vitalu vilivyoungua, lilikuwa lile lambo. Halikuwa kubwa. Mtu mwenye mkono mzuri angerusha jiwe likavuka. Maji yake yalikuwa ya kijani, ile kijani ambayo Najiat hakuiona tangu aondoke Mafia, na hapakuwa na ndege hata mmoja, wala chura, wala nzi.

Josepha alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anatazama lambo. Alikuwa mwanamke mwenye mifupa mipana, wa kubeba debe bila kulishika, na uso wake ungekuwa mzuri kama pembe ya kulia ya mdomo isingekuwa imevutwa mbele na pembeni, ngozi imetuna kama hema dogo. Hapakuwa na kitu kilichoishika.

"Pole, mama," Najiat alisema, akachuchumaa mbele yake. "Ilianza lini?"

"Jana. Nilipogeuka kurudi nyumbani."

"Siyo ulipokuwa unaila?"

"Yaya," alisema kwa Kinyamwezi, akitikisa kichwa kidogo sana, hapana. "Nilipoila ilikuwa tende tu. Niliona ina kitu kigumu, nikajua ni kokwa. Nikageuka. Kokwa sikuliona tena. Nimelala nikijua ni baridi ya jino. Leo nimeamka hivi, baba Kabula ameshaondoka."

Wenceslaus alisema huo ni ugonjwa wa mishipa ya uso, aliwahi kuuona kwa katekista wao, na hospitali ya mjini wanautibu. Najiat hakubisha. Alitamani mno mzee awe sahihi. Wakamwingiza Josepha ndani ya Noah, kiti cha nyuma, Najiat pembeni yake, Masolwa akawasha gari.

Walipoanza kushika njia ya Tabora, Najiat aliona ule mvuto unasogea. Gari lilikata kona, na pembe ya mdomo ikakata kona pamoja nalo, ikazunguka taratibu kwenye uso wa mwanamke yule hadi ikawa inaelekea nyuma, kwenye sikio, kule lilikokuwa lambo. Josepha akageuza kichwa kuifuata. Alishika kiti. Kadiri gari lilivyokwenda ndivyo mdomo ulivyofunguka, meno ya nyuma yakaonekana, na mstari mwembamba wa damu ukashuka kidevuni.

"Simamisha!" Najiat alipiga kelele.

Masolwa alikuwa ameshaona kwenye kioo. Alisimamisha ghafla, akageuza gari katikati ya barabara huku akitaja majina ya watakatifu ambao siku zote alikuwa akijifanya hawajui. Walivyorudi nyuma, mdomo ulilegea. Josepha alipumua, machozi yakimtiririka.

Uani, Wenceslaus alizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alisema watamfunga mkewe kamba kiunoni, waishikilie wote watatu, wavute.

"Hapana, mzee," Najiat alisema. "Tukivuta tunamsaidia yule. Hii ndoana inakaa kwa sababu ya kuvutana. Mshipi ukikaza, inashika. Kamba yetu itafanya kazi yake."

"Yule nani?"

Najiat alimsimulia jambo aliloliona mara moja tu, chomboni na baba mkwe wake. Kolekole mkubwa alinaswa kwa ndoana ya duara, mzee akaanza kukunja mshipi, na ghafla samaki akageuka. Badala ya kukimbilia kilindini alikuja moja kwa moja kwenye chombo, kasi kuliko mikono ya mzee. Mshipi ukalegea, ukatapakaa juu ya maji. Alipopita chini yao hakuwa na kitu mdomoni. Mzee alicheka sana siku ile, akasema mmoja kati ya mia hujua siri hiyo, na wengine wote hufa wakikimbia.

"Kwa hiyo unasema nini?" Wenceslaus aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha ameelewa.

"Inabidi akimbie. Kuelekea majini. Akienda polepole, yule atakunja mshipi na kumfikisha. Inabidi awe mwepesi kuliko mkono unaokunja."

"Wewe mwanamke! Unamtuma mke wangu akaliwe?"

"Sijui, mzee. Wallahi sijui. Hilo ndilo pekee ninalolijua kuhusu ndoana hii."

Aliyekata shauri ni Josepha. Aliinuka kwenye kigoda, akavua kandambili, akazipanga vizuri ukutani, kisha akajifunga kitenge kwa nguvu. Akafanya ishara ya msalaba polepole, akiukwepa mdomo wake.

"Baba Kabula," alisema na ulimi wake mzito, "nenda ukasimame majini. Nisije nikapitiliza."

Wenceslaus akatembea hadi lamboni kama mtu anayekwenda kuhesabiwa. Aliingia mpaka magotini, akageuka akayapa maji mgongo, akatanua mikono. Najiat alimwona akiangalia chini mara moja, upesi, kama aliyepapaswa mguuni, kisha akainua macho na hakuyashusha tena.

"Sasa, mama," Najiat alisema, akamshika mkono.

Wakakimbia.

Najiat hakuwa amekimbia tangu usichana wake, na Josepha alimzidi kwa miaka na kwa uzito, lakini mwanamke yule alishuka uwanjani kama aliyeitwa na mtoto wake. Walipita bani, wakapita vitalu vilivyoungua, vumbi likiruka. Najiat alimtazama usoni huku akikimbia. Ile ngozi iliyotuna ilianza kulegea, ikashuka, ikalala shavuni. Na pale juu ya maji, mbele yao, kitu kikaonekana. Ulikuwa mshipi mwembamba, umesokotwa kwa nyuzi za magome, unang'aa kwa unyevu. Ulitoka katikati ya lambo ukaja hadi kwenye mdomo wa Josepha, na sasa ulikuwa ukianguka mikunjo mikunjo juu ya maji, kwa wingi, umelegea. Kule chini mtu alikuwa akiukusanya kwa haraka. Lakini hakuwahi.

Josepha alimgonga mumewe kifuani. Wenceslaus alimkumbatia, akayumba, hakuanguka. "Shika kichwa chake!" Najiat alisema, na mwenyewe akatia vidole kwenye pembe ya mdomo wa mwanamke yule.

Macho hayakuona kitu, ila vidole viliona. Chuma baridi, duara. Alifumba macho kama alivyofundishwa. Hiyo huichomoi kwa kuvuta, unairudisha ilikotokea, unaizungusha kama ufunguo. Aliisukuma nyuma, Josepha akaguna, akaizungusha, ikatoka.

Ilikuwa mkononi mwake. Na hapo mshipi ukakaza.

Alitegemea kukwapuliwa. Alitegemea nguvu ya kumng'oa bega. Aliyekuwa upande wa pili hakushtua hata chembe. Alivuta kidogo tu, kwa upole, kwa mkono wa mzoefu anayesikiliza, akataka kujua ni nani sasa aliye mwishoni mwa mshipi wake. Najiat akahisi akisikilizwa, uzito wake, pumzi yake, mapigo ya moyo wake. Na jambo lililomtisha kuliko yote siku ile ni kwamba alitamani kubaki kidogo, asikilizwe.

"Achia!" Masolwa alipiga kelele kutoka ukingoni. "Mama, achia hicho kitu!"

Akaachia. Chuma kilimkata kidole gumba kilipopita. Mshipi ukaenda bila kishindo, ukazama, na maji yakatulia.

Waliondoka mle lamboni wakirudi kinyumenyume, wameshikana, hakuna aliyekuwa tayari kuyapa maji mgongo. Josepha alitema damu, akasukutua kwa maji ya mtungi, akajaribu kusema jina la binti yake, Kabula. Likatoka sawasawa. Wenceslaus aliketi chini akalia kama mtoto, na mkewe akasimama juu yake akimpapasa kichwa, bado akihema.

Siku hiyohiyo Josepha alikataa kulala nyumba ile. Wenceslaus alijaribu kumtuliza. Jambo limekwisha, alisema, lambo wataliziba, nyumba ni ya jasho lao, na msimu wa tumbaku haungoji mtu. Mkewe hakubishana naye. Alifunga masufuria na magodoro, akayapakia kwenye Noah, akaketi ndani na kusema anakwenda kwa dada yake Ulyankulu, mwenye kumtaka atamkuta huko. Mzee alimfuata, huku akinung'unika kwamba kichwa cha mwanamke kikiamua kimeamua.

Njiani walimshusha Najiat mjini. Wanaume walishuka kununua mafuta na mikate, na wanawake wakabaki peke yao ndani ya gari. Josepha alikuwa na leso iliyolowa mdomoni. Aliangalia nje kwanza, kuhakikisha mumewe yuko mbali.

"Nilikuwa nawasikia," alisema.

"Akina nani?"

"Sijui. Kupitia ule mshipi. Ulikuwa unaleta sauti, kama unavyosikia mlio wa treni ukiweka sikio kwenye reli. Hawakuwa na hasira, mwanangu. Walikuwa wakizungumza kama watu wanaopanga chakula cha kesho." Alibonyeza leso mdomoni. "Mimi walishanimaliza, hawakunizungumzia. Walikuwa wanabishana juu ya mume wangu. Mmoja anasema huyu hapendi vitamu. Mwingine anasema mjaribuni kwa sauti ya mama yake. Huyo wa mwisho wakamsifu."

Wenceslaus alikuwa akirudi na mikate kwapani, anatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Usimwambie," Josepha alisema haraka. "Akijua, atakwenda kusikiliza. Namjua. Mama yake alifariki yeye akiwa safarini."

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipofika, lambo lilijaa maji matamu, vyura wakarudi, na Masolwa akapeleka habari Ulyankulu kwamba ng'ombe wake wameyanywa na hawajadhurika. Wenceslaus alifurahi, akataka kurudi kulima. Josepha akasema mgongo unamuuma. Mwaka uliofuata akasema miguu. Mzee akalima mahindi huko huko kwa shemeji yake, akizoea, akilalamika, akinenepa.

Mara mojamoja, jioni wakiwa wamekaa barazani, huinua kichwa ghafla na kuuliza kama kuna mtu ameita. Josepha humjibu kuwa hapana, hakuna aliyeita, kisha humpa kazi ya mikono, kupukuchua mahindi au kusuka kamba, na huketi karibu naye mpaka ainamishe kichwa tena.